Kusi la kwetu, kijani cha Salalah

Swali lenu la wiki lilikuwa: “Likizo ya kiangazi na watoto: uwapeleke wapi, na mtu ajiandae vipi?” Sisi Waswahili tunaoishi Omani na nchi za jirani tuna jibu la karibu, na ninalisimamia kwa moyo wote: Salalah, mji wa kusini mwa Omani, wakati wa kharifu. Ila kuitaja Salalah peke yake hakutoshi. Mtu lazima ajue kharifu ni kitu gani, kwa sababu wanaokwenda bila kujua hurudi wakilalamika kuwa bahari haikuogeka, nguo hazikukauka, na maporomoko waliyoyaona kwenye picha yalikuwa makavu. Yote hayo yana sababu moja, na sababu hiyo tunaijua tangu kwetu.

Kharifu ni kusi. Ni upepo ule ule unaoanza kuvuma pwani ya Unguja na Mombasa kiasi cha Aprili, ukakolea Juni na Julai. Ukishapita Pembe ya Afrika unavuma sambamba na pwani ya Dhofar, jimbo la Salalah, unasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na nchi kavu, na maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi inageuka ukungu. Ukungu unasukumwa bara mpaka unagota kwenye safu ya Jabal Qara, na juu yake imelala hewa ya moto na kavu ya jangwani, imeufunika kama mfuniko wa sufuria. Hauwezi kupanda ukawa mvua kubwa, basi unabaki pale pale unanyunyiza manyunyu usiku na mchana. Ndiyo maana Julai, Maskati ikiwa imepita nyuzi 40, Salalah iko nyuzi 25 hivi, na ukivuka tu mgongo wa mlima kwenda kaskazini unakuta jangwa kavu kama kawaida.

Wafungulieni watoto ramani kabla ya safari. Kama nyumbani yupo bibi au babu aliyekulia Unguja au Pemba, mpeni yeye kazi ya kueleza kusi, kaskazi na demani. Mabaharia wa majahazi waliokuwa wakirudi Arabuni waliondoka kusi likiwa changa, au walingoja demani, nguvu zake zikishapungua. Katikati hapo bahari ilifungwa. Mtoto akilielewa hilo, hatauliza kwa nini amefika ufukweni na haruhusiwi kuogelea.

Kwa hesabu za kiserikali kharifu inaanza 21 Juni na kwisha 21 Septemba, lakini majani hayafuati kalenda. Mlima unaopata manyunyu ya kwanza bado ni wa kahawia, na unahitaji kama wiki 3 kuvaa kijani. Anayekwenda mwisho wa Juni hupata ubaridi na vilima vya udongo uliorowa. Kuanzia katikati ya Julai kijani kimekamilika, na hapo ndipo watu wanapomiminika: mwaka 2024 wageni wa msimu mzima walizidi milioni moja, sehemu kubwa yao ndani ya wiki chache za Julai na Agosti. Mwenye watoto wa skuli hana uchaguzi mkubwa; namshauri wiki ya pili au ya tatu ya Julai, siku za katikati ya wiki, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi barabara za mlimani hujaa. Asiye na mwanafunzi nyumbani angoje Septemba, baada ya tarehe 10 hivi. Kijani bado kipo, nyumba zimeshuka bei, na mwisho wa mwezi msimu wa sarbu ukiingia, ukungu unafunguka na jua linatua juu ya majani. Kwa familia yenye wazee, huo ndio wakati bora kuliko yote.

Kwa ndege kutoka Maskati ni saa moja na nusu hivi, na gari la kukodi lazima liwekwe mapema kabla ya kukata tiketi, kwani bila gari Salalah ni hoteli na duka tu. Familia nyingi huenda kwa gari lao. Ni kilomita 1,000 na kidogo kwa njia ya ndani: kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, mwendo wa saa 10 hadi 12 pamoja na vituo. Dereva akiwa mmoja, lala Haima, ambayo ni takribani nusu ya njia. Ondokeni baada ya sala ya Alfajiri na msisafiri usiku, na sababu si usingizi tu. Ngamia ana miguu mirefu. Taa za gari humulika miguu, na kiwiliwili kinabaki gizani juu ya mwanga. Gari likimgonga linafagia miguu, na mwili wote unaangukia kioo cha mbele, pale walipokaa watu.

Kagueni matairi siku 3 kabla, msingoje asubuhi ya safari. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 ndani ya duara la mviringo: 2 za mwanzo ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 5 katika joto la Omani lisibebe familia kwenye njia hiyo, hata kama kashata zake bado nzima, kwa kuwa mpira hukauka ndani kabla haujaonekana nje. Jazeni upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa mizigo. Kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Njiani tairi likipata moto kipimo kitapanda chenyewe. Msitoe upepo hapo. Likipoa litakuwa pungufu, na tairi pungufu ndilo linalopasuka.

Petroli ina kanuni moja: usipite kituo ukiwa chini ya nusu tangi. Vituo vipo Adam, Ghaba, Haima, Ghaftain, Qitbit na Thumrait, lakini baina yao ni jangwa tupu, na siku za msongamano kimoja kinaweza kuwa na foleni ndefu au kimeishiwa. Maji yawe lita 3 kwa kila mtu, yakae ndani mnamokaa, yasifukiwe chini ya masanduku. Simameni kila baada ya saa 2 hata kama hakuna aliyeomba. Sala ya safari inarahisisha hapa: Adhuhuri na Alasiri zikipunguzwa na kujumuishwa, kituo kimoja cha mchana kinatosha kwa sala, chakula na choo. Misikiti ya vituoni mara nyingi ina vyoo safi kuliko vya vituo vyenyewe.

Sasa sehemu ninayotaka isomwe mara mbili. Baada ya Thumrait mnabakiwa na kilomita 80 hivi. Barabara inapita Wadi Dawkah, penye miti ya ubani, jua kali, mbingu bluu. Halafu ghafla, katika dakika chache tu, mnaingia ndani ya ukungu huku barabara inateremka kwenda mjini. Hapo madereva wa Maskati hukosea mambo matatu. La kwanza ni kuwasha taa ndefu: ukungu unarudisha mwanga machoni, na unaona kidogo zaidi kuliko mwanzo. Washa taa fupi, na zile za ukungu kama zipo. La pili ni kuwasha indiketa zote mbili gari likiwa linakwenda: wa nyuma hajui kama umesimama au unaendelea, na hataona ukitaka kugeuka. La tatu ni kioo. AC imekuwa ikipuliza baridi tangu Haima, kioo ni baridi kama barafu, na hewa yenye unyevu ikikigusa inageuka matone kwa nje. Dereva anafuta kwa ndani, hakufutiki, anababaika. Zungusha waipa na punguza ubaridi wa AC, kioo kipate joto kidogo. Kama mvuke uko ndani, elekeza hewa kwenye kioo na ufungue hewa ya nje. Teremka kwa gia ndogo, acha nafasi kubwa mbele, na usisimame pembeni kupiga picha hata watoto wakilia. Manyunyu ya kwanza huyeyusha mafuta na vumbi la miezi mingi juu ya lami, na breki ya ghafla hapo haikamati.

Nyumba zikodiwe Aprili au Mei. Ulizeni mambo ambayo Maskati hamngeuliza: je, kuna mashine ya kukausha nguo, kuna maji ya moto, na magodoro ya ziada yamekaa wapi? Godoro lililokaa chumba kilichofungwa wakati wa kharifu lina harufu ya uvundo, na mtoto mwenye pumu atakohoa usiku kucha juu yake. Huyo abebewe dawa yake ya kuvuta na shuka zake mwenyewe, na alale chumba kisicho na alama nyeusi za kuvu pembeni mwa dari. Nyumba za mjini, upande wa Saada au Awqad, ni kavu kidogo kuliko zile za chini ya mlima.

Nguo hazikauki. Kamba ya kuanikia haisaidii kitu. Kila mtoto awe na seti 3 kwa kila siku 2, na jinzi ziachwe nyumbani, kwa sababu ikirowa asubuhi itakuwa imerowa kesho yake. Suruali nyepesi, sweta moja, koti la mvua lenye kofia. Miavuli ni mzigo bure: manyunyu ya kharifu hayashuki wima, yanakuja na upepo kutoka pembeni. Viatu viwe vya mpira na vyenye meno chini. Udongo wa mlima ukirowa unateleza kama sabuni, na wafugaji wenyewe wanalijua hilo: kharifu ikiingia huwashusha ngamia kutoka mlimani, wakimbie utelezi na nzi, wakawaweka tambarare mpaka msimu upite. Basi barabara za chini zimejaa ngamia. Usiwapigie honi, wanashtuka na kugeukia gari. Simama, wapite.

Mashariki na magharibi zisichanganywe siku moja. Mashariki kuna Taqah, kilomita 30 hivi kutoka mjini, kisha Wadi Darbat, Tawi Atair na Mirbat. Magharibi kuna Mughsail, kilomita 40. Ondokeni saa moja asubuhi. Familia za Ghuba hukesha na kulala mpaka Adhuhuri, na baada ya Alasiri ndipo magari yote hutoka kwa pamoja; njia ya uwanda wa Ittin jioni ni foleni tupu. Asubuhi mtakuta Darbat ni yenu na ng'ombe.

Kuhusu Darbat: picha inayozunguka, maji yakianguka kwenye genge la mita 100 hivi, ni ya baada ya mvua kubwa au kimbunga, kama Mekunu cha Mei 2018. Kharifu ya kawaida haijazi genge lile, kwa kuwa manyunyu hunywewa na udongo. Kinachotiririka ni maporomoko madogo ya juu na mto wenyewe, unaopandwa boti, na kwa macho yangu uzuri wake hauna upungufu. Chemchemi za Ayn Razat na Ayn Sahalnoot zina maji mwaka mzima. Ayn Athum inategemea mvua, ulizeni kwanza kwa wenyeji. Na watoto wasiogelee. Konokono wa kichocho wamewahi kupatikana katika maji matulivu ya Dhofar, na vibao vya kukataza havikuwekwa kwa mapambo.

Mughsail ina matundu kwenye mwamba ambamo wimbi linaingia chini na kurushwa juu kama chemchemi. Kharifu ndio wakati wake, kwa kuwa mawimbi ni makubwa, na kwa sababu hiyo hiyo ni mahali pa hatari kuliko pote mtakapopita. Wimbi la kusi halina mwendo mmoja: kumi yanafika magotini, la kumi na moja linapanda mwamba mzima. Julai 2022 wimbi liliwachukua watu waliokuwa wamevuka uzio, watoto wakiwemo. Mtu mzima mmoja amshike mtoto mmoja mkono. Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili haitoshi. Yeyote anayetaka picha abaki ndani ya uzio.

Mambo ya kula Salalah yatamfurahisha Mswahili kuliko mgeni mwingine yeyote. Pembeni mwa mashamba, vibanda vimepangwa ndizi, mapapai na nazi chini ya minazi, na mtu anaweza kudhani yuko Bububu ya Unguja. Wenyeji hawatenganishi majina kama sisi, kwa hiyo mwambieni muuzaji kama mnataka ya kunywa au ya kula, msije mkataka dafu mkapasuliwa nazi. Mishikaki, ambayo wao huita mishkak, huuzwa kwa kijiti kando ya barabara. Ile ya mapande makubwa hukauka katikati; chagueni iliyokatwa nyembamba na iliyo juu ya makaa wakati huo huo, msichukue iliyorundikwa pembeni. Madhbi ni nyama inayochomwa juu ya mawe: kuni zinawashwa chini, mawe yanapata moto kabisa, nyama yenye mafuta yake inalazwa juu bila sufuria. Hupimwa kwa kilo. Kilo moja na wali inatosha watu wazima 3.

Kwa chakula cha mandari, pikeni nyumbani asubuhi. Makaa yanavuta unyevu hata ndani ya mfuko; anayeng'ang'ania kuchoma ayafungie kwenye debe lenye kifuniko, na awashe sehemu zilizotengwa, kamwe si juu ya majani, kwani majani yale ni malisho ya mifugo ya mtu. Pilau ya kilo 2 za mchele inatosha watu 14 hivi. Iondoeni motoni maji yakishakauka, funikeni sufuria kwa taulo 2, iwekeni ndani ya deli tupu. Baada ya saa 4 bado inafuka moshi. Jamvi liwe la plastiki, na juu yake busati.

Ubani ununuliwe soko la Haffa, na mtu aende akijua. Mti wenyewe unapenda upande ambao ukungu haufiki, ndiyo maana mmeupita Wadi Dawkah kule kwenye jua. Bonde hilo, pamoja na magofu ya Al-Baleed, Khor Rori na Shisr, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ubani wa pwani, shaabi, ni wa bei ya chini na moshi wake ni mzito. Wa najdi uko juu yake, na hojari ndio bora: punje kubwa, zinapitisha mwanga, rangi inaelekea kijani au maziwa, harufu ina ukali wa ndimu. Ukiona vumbi jingi chini ya mfuko na vipande vya magamba, umechanganywa. Kwenye chetezo punje moja ya ukubwa wa harage inatosha chumba. Ukijaza, unaungua na kutoa harufu ya moshi mtupu.

Na watu. Watoto waliosoma Kiarabu skuli watashangaa kusikia wazee wa mlimani wakizungumza wasiambulie hata neno. Ni Kijibali, lugha ya zamani ya milima hiyo, ndugu wa Kiarabu lakini si Kiarabu. Waelezeni kabla, wasicheke. Salamu za Dhofar ni ndefu, na anayeuliza njia kabla ya kuuliza hali hujibiwa kwa ufupi. Kahawa hupokewa kwa mkono wa kulia, na kikombe hutikiswa kidogo ukitosheka, la sivyo kitajazwa tena. Mkichagua pa kutandika jamvi, acheni hatua 20 au zaidi kutoka familia iliyotangulia, hata kama mahali pao ndipo pazuri. Wanawake wao wamekaa bila kujisitiri sana kwa kuamini hakuna atakayewasogelea. Kwa sababu hiyo pia kamera isielekezwe upande wa watu. Ukikuta boma la mawe au waya, ni malisho yenye mwenyewe. Bisha hodi kama unavyobisha mlangoni.

Usiku wa kuamkia siku ya kurudi jazeni tangi Salalah na osheni gari kwa chini, matairi na mikono ya magurudumu, kwani chumvi ya Mughsail na udongo wa mlima vikichanganyika vinakula chuma. Nguo mbichi msizifunge kwenye plastiki. Zitawanyeni juu ya mizigo nyuma ya gari. Mkishavuka mlima, jua la jangwani litazikausha kupitia kioo.

Msomaji wenu, Maskati